Istilahi Isiyofika Jikoni: Tahakiki ya Maneno ya Mzio na Chakula katika Pwani ya Tanga

1. Utangulizi

Makala haya ni tahakiki ya kadi ndogo yenye mistari saba. Kadi hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya wasafiri ambao miili yao hudhurika kwa baadhi ya vyakula, ili wamwonyeshe mpishi au mhudumu kabla hawajaagiza chakula. Watumishi, walimu na wanafunzi wengi husafiri kikazi na kula katika hoteli za mjini, katika migahawa ya vituo vya mabasi na kwa mama lishe. Kwa watu hao kadi ya namna hii si anasa. Ni chombo cha usalama, sawa na kibao cha barabarani kinachoonya kwamba mbele kuna kona kali. Na kibao kilichoandikwa kwa maneno yasiyoeleweka ni kibaya kuliko kutokuwapo kwa kibao, maana dereva hukiamini.

Maneno ya kadi yalikuwa haya: "Nina mzio au sivumilii vyakula vilivyotiwa alama." Chini yake vilipangwa vyakula vinne, kila kimoja na mstari wake: samaki wa gamba, maziwa, mkate, karanga. Kisha yalifuata maombi mawili: "Tafadhali nieleze viungo vya chakula hiki" na "Tafadhali epuka uchafuzi mtambuka."

Ukiisoma kadi hii ofisini, huoni kosa. Kila neno ni la Kiswahili, sarufi yake imenyooka, na kila mstari unalingana na mstari wa Kiingereza uliotafsiriwa. Nilikwenda nayo Tanga katika safari ya kukusanya maneno ya uvuvi, nikiwa pamoja na mwalimu mmoja kutoka Singida ambaye kamba humdhuru. Mchana tuliingia katika nyumba moja ya chakula huko Ngamiani. Mpishi alikuwa bibi mtu mzima. Mwalimu alimwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu, karibuni." Mwalimu akatazama kadi yake, akauliza, "Bibi, chakula hiki kina samaki wa gamba?" Bibi akacheka kidogo, akajibu, "Gamba halimo, mwanangu. Changu huyu tumempara vizuri, hata gamba moja hulioni."

Kila mmoja alisema kweli kwa kadiri ya lugha yake. Lakini kisamvu kilicholetwa pamoja na yule changu kilikuwa kimetiwa uduvi waliopondwa. Sahani haijafika nusu, midomo ya mwalimu ilivimba na koo likaanza kubana. Tulimkimbiza hospitali, akachomwa sindano, na jioni alikuwa amepona. Tuliporudi kumtuliza yule bibi, alikuwa bado analia. Alisema, "Angeniuliza uduvi, ningemwambia."

Sentensi hiyo moja ni tahakiki kamili ya kadi yetu. Nasema "yetu" kwa sababu kadi hiyo niliitafsiri mimi mwenyewe. Kwa hiyo msomaji asidhani kwamba maneno yanayofuata yanamlenga mtu wa mbali. Nakusudia kuipitia kadi neno kwa neno, nionyeshe lilipotoka kosa, kisha nipendekeze njia nyingine.

2. Mzio, kutovumilia na sumu

Neno la kwanza ni mzio. Hili ni neno zuri, na waliolichagua kwa maana ya kitabibu walifuata utaratibu unaotakiwa wa kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, ndipo kukopa ng'ambo. Kwa wazee wa pwani, mzio ni kitu ambacho mtu hapaswi kukila au kukigusa, ama kwa sababu ya afya, ama kwa agizo la mganga, ama kwa desturi ya ukoo wake. Ndugu zake wamo katika lugha za jirani. Waganda huita omuziro kile ambacho watu wa ukoo fulani hawakili, na Wakikuyu wana neno mũgiro kwa maana ya mwiko. Kwa hiyo mzio ni mti wenye mizizi mirefu.

Lakini mizizi hiyo ina matokeo yake. Madaktari wamelipa neno hili maana finyu: hali ambayo kinga ya mwili hukidhania chakula kisicho na madhara kuwa ni adui, ikakipiga vita. Mtu mwenye mzio wa namna hii anaweza kudhurika kwa chembe ndogo sana. Ngozi huvimba na kuwasha, pumzi hubana, na hali ikizidi shinikizo la damu hushuka na mgonjwa huweza kufa asipochomwa adrenalini mapema. Mpishi aliyelelewa katika maana ya zamani, akisikia "nina mzio wa kamba," aweza kudhani kwamba ukoo wa mgeni haumli kamba. Atakuwa na adabu, hatamwekea kamba sahanini. Lakini hataona ubaya wa kuchota mchuzi uliopikwa na kamba, ilimradi kamba wenyewe wameondolewa. Mwenye mwiko akila bila kujua, watu wengi humhesabu hana kosa. Mwenye mzio akila bila kujua, mwili haumsamehe.

Neno la pili ni kutovumilia. Hapa kosa ni kubwa zaidi, maana tumechukua umbo la Kiingereza na kulivika kanzu. Katika Kiswahili uvumilivu ni sifa ya moyo. Mtu huvumilia shida, huvumilia jirani mkorofi, huvumilia njaa ya mfungo. Ukimwambia mpishi kwamba huvumilii maziwa, amesikia kwamba una haraka ya kuyapata au kwamba huyapendi, na mtu mzima asiyependa chakula hubembelezwa: "Onja kidogo tu, mwanangu."

Hali inayokusudiwa ni nyingine kabisa. Mfano mashuhuri ni wa maziwa. Maziwa yana sukari iitwayo laktosi, ambayo huvunjwa tumboni na kimeng'enya kiitwacho laktesi. Kimeng'enya hicho kikipungua, sukari ile hufika katika utumbo mpana ikiwa haijavunjwa, na huko bakteria huichachusha. Tumbo hujaa gesi, husokota, na mtu huendesha. Ni taabu, lakini haiui, na kiasi kidogo huenda kisilete chochote. Inakadiriwa kwamba karibu theluthi mbili ya watu duniani hupungukiwa na uwezo huo baada ya utoto. Utafiti wa Sarah Tishkoff na wenzake uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba baadhi ya jamii za Tanzania, Kenya na Sudan, hasa za wafugaji, zina mabadiliko yao ya kurithi yanayowawezesha watu wazima kunywa maziwa bila taabu. Yaani anayedhurika na maziwa ndiye aliye wengi. Kumwita "asiyevumilia" ni kumtia lawama kwa jambo ambalo ndiyo hali ya kawaida ya binadamu.

Kuna pia hali ya tatu ambayo kadi haikuitaja, nayo ni ya pwani hasa. Jodari aliyekaa juani baada ya kuvuliwa hujengeka ndani yake kitu kiitwacho histamini, ambacho hakiondolewi kwa kupikwa. Anayemla huwiva uso, hupata vipele na kichwa humuuma, mfano wa mwenye mzio. Lakini huo si mzio, ni sumu. Siku nyingine mtu yuleyule akila jodari mbichi wa alfajiri hatadhurika. Tukiziita hali zote tatu kwa jina moja, mtu atajinyima samaki maisha yake yote kwa sababu ya kosa la barafu.

Watu wa pwani wana njia yao ya kusema haya. Husema, "Maziwa hayanikubali," au "Maziwa yananikataa," kama vile wasemavyo kwamba dawa imemkubali mgonjwa au imemkataa. Na kwa jambo la hatari husema waziwazi, "Kamba wananidhuru." Hakuna mpishi ambaye hataelewa. Sisi tulikuwa na kisima uani, tukaenda kuteka maji kwa jirani.

3. Majina ya vyakula

(a) Samaki wa gamba. Neno hili ndilo lililomwangusha mwalimu. Kiingereza kina neno moja linalokusanya kamba, kaa, kambakoche, chaza, kome na wengineo kwa sababu wana ganda la nje. Nami niliitafsiri sehemu ya kwanza ya neno hilo kwa "gamba" na ya pili kwa "samaki". Sikukumbuka kwamba katika Kiswahili gamba la samaki ni kile kidude chembamba kinachoparwa kwa kisu kabla ya kupika. Samaki wenye magamba ni changu na jamaa zake, wale ambao hata sheria za dini mbalimbali huwataja kwa sifa hiyo. Hivyo kadi yangu haikuwa na utata tu, bali ilimwelekeza msomaji upande wa pili kabisa. Aliyedhurika na kamba alionekana kuwa mtu anayemkimbia changu. Tena katika lugha ya wavuvi uduvi si "samaki wa" chochote. Ni uduvi.

(b) Maziwa. Waandishi wa orodha za vyakula katika hoteli za watalii, kwa kufuata Kiingereza, siku hizi huandika "maziwa ya nazi". Pwani haina kitu hicho. Pwani ina tui: tui la kwanza lililo zito, na tui la pili lililo jepesi. Tui halina laktosi hata tone. Sasa tazama madhara. Msafiri ambaye maziwa humkataa husoma "wali wa maziwa ya nazi", akaukimbia wali ambao ungemfaa kuliko chakula chochote mezani. Kisha huagiza biriani, kwa kuwa hakuona neno maziwa, naye hajui kwamba wapishi wengi hulaza nyama ya biriani katika mtindi. Hali kadhalika "siagi ya karanga" haina maziwa, lakini siagi ya mkateni inayo.

Zaidi ya hayo, mtindi na samli hutuonyesha kwa nini mzio na ile hali ya tumbo visichanganywe. Samli safi imebakiwa na laktosi kidogo mno, na mtindi una pungufu kuliko maziwa mabichi, kwa hiyo mtu ambaye tumbo lake hukataa laktosi mara nyingi huweza kuvila bila taabu. Lakini mwenye mzio wa maziwa hudhurika kwa protini, si kwa sukari, na protini imo katika mtindi na mabaki yake yaweza kuwamo katika samli. Ushauri unaomponya mmoja waweza kumuua mwingine. Mkoa wa Tanga unajulikana kwa ng'ombe wa maziwa wa wafugaji wadogo, na maziwa, mtindi na samli ni vyakula vya kila siku. Hapa si mahali pa kuyaacha maneno haya yakiogelea.

(c) Mkate. Kusudi la mstari huu lilikuwa kuwasaidia watu wenye ugonjwa wa siliaki, ambao utumbo wao huharibiwa na gluteni, yaani protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai. Nilidhani neno mkate litatosha, kwa kuwa katika Ulaya chakula cha kwanza chenye ngano ni mkate. Lakini katika Kiswahili mkate hutajwa kwa umbo na namna ya kupikwa, si kwa nafaka yake. Mkate wa kumimina hupikwa kwa mchele na tui, na hauna ngano. Kinyume chake, sambusa, kaimati, visheti, maandazi, chapati na tambi ni ngano tupu, wala hakuna anayeviita mkate. Bajia za kunde au za dengu hazina ngano, ila huenda zimekaangwa katika mafuta ya maandazi. Vitumbua ni vya mchele, lakini wapo wanaotia kiganja cha unga wa ngano ili vishikane. Hivyo kadi ilimkataza mgonjwa asichopaswa kukataliwa, ikamruhusu kinachomdhuru. Neno lililotakiwa lilikuwa rahisi mno: ngano. Mama yeyote anayekanda unga anajua kama amekanda ngano au hakukanda.

Nitaje hapa pia usemi mwingine unaoenea katika maboksi ya vyakula: "huru kutokana na gluteni". Mtumwa huwa huru, na nchi huwa huru. Unga hauwi huru. Tuseme "haina gluteni" au "hauna ngano", basi.

(d) Karanga. Kiingereza kina neno linalokusanya korosho, lozi na matunda mengine ya miti yenye kokwa la kuliwa, nasi hatuna neno moja la namna hiyo. Mimi niliandika "karanga". Lakini karanga ni mmea wa jamii ya kunde unaozaa chini ya ardhi. Yupo mtu ambaye karanga humdhuru na korosho hazimfanyi kitu, na yupo kinyume chake. Aliyedhurika na korosho akitia alama kwenye "karanga", atapewa halua yenye lozi au korosho kwa moyo mweupe kabisa. Tena ukivuka mpaka wa Horohoro kuelekea Mombasa, karanga nyingi hugeuka kuwa njugu, na msafiri anayeuliza karanga huenda asipate jibu alilotarajia. Ufuta nao huitwa simsim kwa wengine. Mambo haya si ya kuchezea. Mwaka 2016 msichana wa miaka 15 kutoka Uingereza, Natasha Ednan-Laperouse, alifariki baada ya kula mkate uliokuwa na ufuta ambao karatasi ya mkate haikuutaja. Kifo chake kilisababisha sheria mpya iliyoanza kutumika Oktoba 2021, inayodai kila kilichomo kiandikwe kwa jina hata katika vyakula vinavyofungwa papo dukani. Sheria hiyo inadai majina ya vyakula, haikuridhika na majina ya makundi.

4. Maneno ya kuulizia

(a) Viungo. Kadi ilimwomba mpishi aeleze viungo vya chakula. Katika ofisi zetu neno hili limezoeleka kwa maana ya vitu vyote vinavyofanya chakula. Lakini jikoni viungo ni bizari, iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga. Ukimuuliza mama lishe viungo vya mchuzi wake, atakutajia hivyo kwa fahari, wala hatataja uduvi, karanga wala mtindi, kwa kuwa hukuuliza. Wenye kuandika mapishi hutumia neno mahitaji, na viwanda vimeanza kutumia viambato. Mahitaji hueleweka jikoni, viambato hufaa kwenye boksi. Viungo vibaki viungo.

Lakini hata neno mahitaji si swali lenyewe. Swali lenyewe limo katika kitenzi ambacho wapishi wote wa pwani wanakitumia, nacho ni kuunga. Mboga huungwa kwa nazi, huungwa kwa karanga, huungwa kwa uduvi. Anayetaka kujua kilichofichika sahanini aulize, "Mboga hii imeungwa na nini?" Nasisitiza "na nini", maana "kwa nini" itasikika kama shutuma. Lau mwalimu angeuliza hivyo pale Ngamiani, jibu lingekuwa neno moja, naye asingefika hospitali.

(b) Uchafuzi mtambuka. Hapa nakiri kwamba niliona haya nilipoisoma kadi kwa mara ya pili. Kusudi lilikuwa kumwomba mpishi asitumie kisu, mwiko, karai au mafuta yaliyopitia chakula chenye madhara. Mapenzi yetu kwa neno "mtambuka" yametufanya tuliweke kila panapotokea jambo linalovuka kutoka hapa kwenda pale. Mpishi hasikii "mtambuka". Anasikia "uchafuzi". Mgeni ameingia katika jiko lililofagiwa tangu alfajiri, na kabla hajaketi anamtaka mwenye jiko aepuke uchafu. Baada ya tusi hilo ni nani atamjibu kwa moyo? Wala jambo lenyewe si uchafu. Mafuta yaliyokaangiwa kamba ni mafuta safi kwa kila mtu isipokuwa mmoja. Neno linalofaa ni kugusana: "Kisiguse kamba, wala kisikaangwe katika mafuta ya kamba." Tukihitaji nomino kwa ajili ya vitabu, tuna mgusano wa vyakula.

5. Hoja zinazoweza kutolewa

Najua kwamba watafsiri wenzangu watakuwa na hoja, nazo zina uzito. Ya kwanza ni kwamba mtafsiri hana mamlaka ya kubadili orodha. Tume ya Codex Alimentarius, iliyoundwa na mashirika ya FAO na WHO mwaka 1963, tangu mwaka 1999 imekuwa na orodha ya makundi ya vyakula vinavyopaswa kutajwa kwenye maboksi, na nchi nyingi hufuata orodha hiyo. Umoja wa Ulaya una orodha yake ya makundi 14, ambayo tangu Desemba 2014 inazihusu hata hoteli na migahawa. Mtafsiri akiyavunja makundi hayo atakuwa amepotosha hati.

Nakubali, ikiwa hati ni sheria au boksi. Lakini hata hapo hakuna kinachomzuia kutaja jina la kundi na kulifuatisha kwa majina ya vyakula vilivyomo. Kadi ya msafiri, kwa upande mwingine, si sheria. Ni mazungumzo ya watu wawili mmoja akiwa ameshika upawa. Hati ya mazungumzo hutafsiriwa kwa lugha ya mazungumzo.

Hoja ya pili ni kwamba majina ya vyakula hutofautiana mahali na mahali, na kazi ya usanifishaji ni kuondoa tofauti hizo. Ni kweli kwamba Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, nayo Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikaendeleza usanifishaji huo, na faida yake tunaiona. Lakini kusanifisha hakukuwa kufuta. Kimtang'ata, lahaja ya pwani hii ya Tanga ambayo W. H. Whiteley aliichapishia utafiti mwaka 1956, bado kina maneno ya bahari na ya jiko ambayo orodha zetu hazijayasajili. Mahali ambapo uhai wa mtu umetegemea jina, kadi itaje majina yote mawili: karanga (njugu), ufuta (simsim). Usanifu haupungukiwi na kitu.

Hoja ya tatu hutoka kwa madaktari, nao husema kwamba lugha ya jikoni haina ukali wa kutosha kutofautisha magonjwa. Hoja hii nimeijibu nusu katika sehemu ya 2. Daktari anahitaji istilahi zake, na ni wajibu wetu kumpatia. Ila istilahi ya daktari humaliza kazi yake mlangoni mwa hospitali. Mpishi hahitaji kujua kinga ya mwili ni nini. Anahitaji kujua mambo mawili: ni chakula gani, na kwamba hata kidogo hakifai.

6. Mapendekezo

Kwa muhtasari, napendekeza haya yafuatayo:

Kwanza, mzio ubaki kwa maana ya kitabibu ya kinga ya mwili pekee, na katika hati za umma ufuatane daima na kitenzi kudhuru: "Nina mzio wa kamba. Kamba wananidhuru, hata kidogo."

Pili, kutovumilia kuachwe. Katika mazungumzo tuseme "maziwa hayanikubali". Kwa vitabu, palipo lazima nomino, naleta mbele ya wasomaji neno mkatao, kutokana na kukataa, kama mkao ulivyotokana na kukaa: mkatao wa laktosi. Najua kwamba wapo watakaosikia ndani yake kukata. Aliyewahi kushikwa na tumbo hilo hatalalamika sana.

Tatu, majina ya makundi yaliyotafsiriwa kutoka Kiingereza yasisimame peke yake. Badala ya samaki wa gamba tuandike: kamba, uduvi, kaa, kambakoche, na kwa mstari wa pili: chaza, kome, pweza, ngisi. Badala ya mkate tuandike ngano na shayiri. Tui liitwe tui.

Nne, kila istilahi inayohusu usalama wa mtu ijaribiwe kabla ya kupitishwa, nayo ijaribiwe mbele ya yule atakayejibu, si mbele ya yule atakayeuliza pekee. Kwa istilahi za chakula, mahali pa kujaribia ni jikoni.

Nimeiandika kadi upya, nayo sasa inasomeka hivi: "Kamba, uduvi na kaa wananidhuru, hata wakiwa kidogo sana. Naomba uniambie: mboga hii imeungwa na nini? Chakula changu kisiguse kamba wala mafuta yao. Ahsante." Nilimpelekea yule bibi wa Ngamiani kupitia kwa mwenyeji wetu. Aliirudisha na sahihisho moja. Alisema neno uduvi litangulie, kwa kuwa kamba huonekana sahanini, na uduvi hawaonekani.

Nimelikubali sahihisho hilo. Walimu, wauguzi, watafsiri na watumishi walioko Pangani, Mkinga, Muheza na kwingineko pwani wanaombwa kuleta majina ya vyakula vya kwao, pamoja na namna wapishi wao wanavyoyataja, ili orodha itakayofuata isiwe ya mtu mmoja mezani.